Ngazi za Nyumba Isiyo na Ghorofa

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, ilitangazwa rasmi mjini Njombe kwamba wanawake wameacha kuuawa.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Kamati ya Utafiti wa Vifo vya Wanawake Vyenye Utata. Lilibandikwa kwa uji wa ngano, kwa kuwa gundi ilikuwa bado inasubiri idhini. Lilisema kwamba baada ya utafiti wa miezi kumi na minne, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, na kushuka vijijini mpaka Mdandu, idadi ya wanawake waliouawa na waume zao au wapenzi wao ni sifuri. Wananchi waliombwa kuipokea sifuri hiyo kwa utulivu. Ingezinduliwa Makambako, Ijumaa ya wiki iliyofuata, mbele ya Mgeni Rasmi.

Wananchi waliipokea kwa utulivu. Mama mmoja muuza parachichi alilisoma tangazo lote akifuatisha maneno kwa kidole, kisha akamuuliza mlinzi, "Hata yule wa kwetu?"

"Maswali yatapokelewa siku ya uzinduzi, mama."

Mama akashukuru. Mlinzi akamsaidia kujitwisha beseni lake, naye mama akashika njia.

Aliyeliandika tangazo lile alikuwa Bwana Filbert, Mratibu wa Kamati, na alikuwa na haki ya kujivunia. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini watu walimjua zaidi kwa jambo jingine: kuandika wasifu wa marehemu. Kwetu mtu hashushwi kaburini kabla wasifu wake haujasomwa mbele ya watu. Alizaliwa lini, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi, na kifo kimemfikaje. Filbert alikuwa fundi wa karatasi hizo. Aliwahi kumwandikia mlevi mmoja wa ulanzi wasifu mzuri kiasi kwamba mjane aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka, akamuuliza jirani yake, "Kwani leo tunamzika nani?"

Kipaji hicho ndicho kilichookoa utafiti. Mwanzoni Kamati ilituma watu kwenda kuwauliza wanawake wenyewe. Zoezi likashindikana. Wanawake walikuwa wanalia, na machozi yaliharibu madodoso mia mbili. Wengine walijibu maswali ambayo hayakuulizwa. Ndipo Filbert akashauri kwamba chanzo cha taarifa kiwe kimoja tu, tena kisicholia: wasifu wa marehemu. Umesomwa hadharani, mchungaji au padri amesimama pale, ukoo mzima unasikiliza, na hakuna aliyenyoosha mkono kupinga. Mtu anataka ushahidi gani zaidi?

Karatasi mia moja na kumi na tisa zikakusanywa. Filbert alizisoma zote, na nyingine alizisoma kwa furaha ya kukutana na maneno yake mwenyewe. Wanawake thelathini na wanane waliugua ghafla. Arobaini na mmoja walianguka. Waliobaki walichukuliwa na Mungu bila maelezo ya ziada. Neno "aliuawa" halikuonekana popote.

Ili sifuri hiyo isichezewe, Kamati ilitunga Mwongozo. Kifungu cha Tatu kilisema kwamba wasifu ukishasomwa mbele ya watu na kugongwa muhuri wa Kamati, basi hicho ndicho kilichotokea. Kifungu cha Nne kilisema kwamba hakuna mtu awezaye kuubadilisha, awe ndugu wa mume au ndugu wa mke, isipokuwa aliyeuandika, kwa mkono wake, mbele ya watu. Kifungu hiki kiliwekwa kwa ajili ya mama wa marehemu, ambao wana tabia ya kuja ofisini na kusema, "Lakini mimi ndiye niliyemwosha."

Mwongozo ulisainiwa na Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Stanley, mfanyabiashara wa mbao wa Makambako. Stanley alikuwa pia shemeji yake Filbert. Alikuwa amemwoa Priska, dada yake wa pekee, na Priska alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Alianguka kwenye ngazi. Filbert alilijua hilo kwa sababu aliliandika mwenyewe.

"Shemeji," alisema Stanley siku ile ile ya tangazo, amekaa juu ya meza ya Filbert kama ilivyokuwa kawaida yake, "kuna jambo dogo. Siku ya uzinduzi atakuja mhakiki kutoka Dodoma. Atachagua wasifu mmoja, aende akaione nyumba iliyotajwa. Akichagua wa Priska?"

"Wasifu wa Priska ni mzuri. Mchungaji aliomba nakala."

"Ni mzuri sana. Lakini nyumba yangu haina ngazi."

Filbert akainamia makaratasi yake. Ilikuwa kweli. Nyumba ya Stanley ilikuwa kubwa, ya vigae vyekundu na madirisha ya alumini, lakini haikuwa na ghorofa, wala kibaraza kirefu, wala chochote cha mtu kuangukia. Siku ya msiba Stanley alimpigia simu akasema, "Andika alianguka." Filbert akauliza, "Alianguka wapi?" Stanley akasema, "Sasa wewe si ndiye mwandishi?" Filbert akawaza kisima, akaona kinatisha. Akawaza bafu, akaona halisemeki mbele ya mchungaji. Akachagua ngazi. Ngazi zilikuwa na heshima.

"Usihofu," alisema Stanley. "Nimeshaanza kuzijenga. Kumi na mbili, za zege. Na kibali cha ujenzi nimechukua. Mimi hata banda la kuku naombea kibali."

Filbert akamtazama kwa heshima. Wenyeviti wengi, takwimu zikigombana na nyumba, wangebadilisha takwimu. Huyu alikuwa anabadilisha nyumba.

Jumatano akaja ofisini mwanamke kijana aliyejizungushia mtandio shingoni ingawa jua lilikuwa limetoka. Eveline, katibu muhtasi, alimtazama mara moja tu. Akainuka, akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akammiminia chai ya kwenye chupa aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaongeza sukari bila kuuliza. Yeye akabaki amesimama mpaka mwisho.

Mgeni alikuwa Janeth, binti wa Mlangali, ambaye Stanley alimwoa mwaka mmoja na nusu baada ya kumzika Priska. Alimwita Filbert kaka, kwa sababu alilala mahali alipolala dada yake na kupikia sufuria zake.

"Kaka, nimekuja kuandikishwa."

"Kuandikishwa kama nani?"

"Kama hao mnaowatafiti."

Filbert alikuwa mtu wa kumhudumia kila anayeingia. Akafungua jalada, akavaa miwani. "Sisi tunatafiti wanawake waliouawa. Wewe, kwa kukutazama tu, una upungufu wa sifa."

"Sifa gani?"

"Uko hai, dada."

Janeth akafungua mtandio. Shingoni mwake kulikuwa na alama, nne upande mmoja na moja upande wa pili, rangi ya zambarau. Eveline akageukia dirishani. Filbert akazitazama zile alama, kisha akaipekua fomu mbele na nyuma.

"Fomu yetu haina sehemu ya shingo," alisema.

"Juzi nilichelewesha chakula. Akanishika hapa. Akaniambia, 'Ngazi zikikauka, wewe ndiye utakayezizindua.' Kaka, nyumba yetu haina juu. Ngazi zinapanda, zinaishia hewani pembeni ya tangi la maji. Mimi nikafanye nini kule?"

"Labda kuanika nguo."

"Kaka."

"Mwenyekiti ana mipango ya muda mrefu."

"Fundi Yoeli amebakiza tatu. Kila moja anaijengea siku tatu, kila siku anasema saruji haijashika. Aliiona shingo yangu nilipompelekea uji. Jana akaniambia, 'Mama, naweza kuivuta mpaka siku ya uzinduzi, zaidi ya hapo atanifukuza alete mwingine.'"

Filbert akamweleza utaratibu. Malalamiko ya mtu aliye hai yanapokelewa kwanza mtaani, na huko mtaani atatakiwa kuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa kaya.

"Mkuu wa kaya ni Stanley."

"Basi una bahati. Ni mtu anayezijua taratibu."

Janeth akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaiweka bilauri chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kwa hiyo mpaka nife ndipo mnihesabu?"

"Kufa peke yake hakutoshi," alisema Filbert kwa upole, maana hakupenda kumpa mtu matumaini ya uongo. "Lazima usomewe wasifu mbele ya watu, na muhuri ugongwe."

"Muhuri anao nani?"

"Ninao mimi." Filbert akaupapasa kwenye mfuko wa koti. Hakuwahi kuuacha ofisini hata siku moja.

Eveline alimsindikiza mgeni mpaka stendi. Alipomwona anasita kati ya gari la Makambako na lile la kwenda Mdandu, akavua sweta lake, akamvalisha. "Shuka Mdandu, uulize kwa Bibi Esnath, mama yake Priska," alimwambia. "Huyo hana fomu."

Jumamosi Filbert alikwenda Mdandu kumsalimia mama yake, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi. Alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni anamenya viazi, na pembeni yake, ndani ya sweta alilolifahamu, Janeth anaviosha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Akakaa. Hakuuliza kitu kuhusu Janeth, kwa sababu kuuliza kungehitaji kuandika. Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Stanley.

"Shemeji, mke wangu umemwona? Mwenyekiti hawezi kukaa mbele ya Mgeni Rasmi peke yake kama mhuni."

Filbert akamtazama mama yake. Bibi Esnath akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua simu, akaiweka sikioni kinyumenyume, akaigeuza.

"Stanley, baba? Ni mimi mkweo. Mtoto yuko kwangu, ananisaidia viazi, kiuno hiki hakinitendei haki. Ijumaa nitamleta mwenyewe hapo kwenye sherehe yenu. Ndiyo. Na wewe ubarikiwe."

Mwanamume wa huku hambishii mama mkwe. Stanley akashukuru, akakata.

Walipokwisha kula, Bibi Esnath aliingia ndani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo. Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nisomee," akasema. "Macho yangu yanasoma polepole, na huu nimeusoma mara nyingi mpaka umechakaa."

Ulikuwa wasifu wa Priska. Filbert akausoma kwa sauti. Alipofika kwenye ngazi, mama yake akanyoosha kidole.

"Ngazi zipi, baba?"

Filbert akaanza kuikunja karatasi.

"Nilimwosha mimi," alisema Bibi Esnath. "Mgongo wake haukuwa na mchubuko. Magoti hayakuwa na mchubuko. Mtu aanguke ngazi nzima asichubuke goti? Shingo ndiyo niliyoiona. Vidole vinne huku, kimoja huku. Nikamfunga kitambaa kizuri cheupe, watu wasimwone hivyo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nataka kusema. Ukaanza kusoma. Maandishi yako yalikuwa mazuri, watu wakalia, hata mimi nikalia. Nikajiambia, huyu ni mtoto wangu, amesoma, labda ameona kitu ambacho mimi sikukiona." Alimtazama bila ukali wowote. Kisha akamwongezea maziwa kwenye kikombe. "Sasa nieleze hiyo kazi yako. Huo Mwongozo unasemaje?"

Filbert akafarijika mno. Miaka yote mama yake hakuwahi kuuliza habari za kazi. Akamweleza Kifungu cha Tatu, akamweleza cha Nne, akamchorea na mchoro kwenye mchanga. Bibi Esnath akauliza maswali kama mwanafunzi mzuri. Ni lazima aliyesomewa awe amezikwa? Mwongozo hausemi. Anayesoma ni nani? Yeyote wa familia. Na kwenye hiyo sherehe kuna mahali pa kusoma?

"Ratiba namba tano," alisema Filbert. "Wasifu wa mfano. Tunataka ule wa Priska."

"Niandike hapo," alisema mama yake. "Familia itasoma."

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa Makambako ulipambwa kwa vitambaa vyeupe, na juu ya jukwaa kulikuwa na bango: SIFURI YETU, FAHARI YETU. Keki ilikuwa ya duara, yenye tundu katikati. Nje malori yalikuwa yanabadilisha gia kwenye makutano ya barabara, na kila lori likipita vioo vilitetemeka. Mgeni Rasmi alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Stanley, suti mpya. Kushoto alikaa mhakiki kutoka Dodoma, mama mfupi aliyeitwa Margareth, mwenye peni tatu na uso usioonyesha kama amekula au hajala. Mlangoni walisimama askari wawili, waliokuja kulinda keki.

Fundi Yoeli alikuwa amemaliza ngazi asubuhi ile. Alikuwa amekaa viti vya nyuma, ana saruji kwenye kucha, hamtazami mtu.

Bibi Esnath aliingia amemshika Janeth mkono. Nyuma yao waliingia wanawake wa Mdandu waliovaa vitenge vya msibani. Mtu wa itifaki alitaka kuwazuia, kisha akaona vikongwe wamechoka na safari, akawaletea maji na kuwasogezea benchi. Janeth hakwenda kukaa mbele. Stanley alimpungia mkono akitabasamu, akamwonyesha kiti. Kisha, taratibu, akaacha kutabasamu.

Namba tano ikaitwa. Filbert alimtazamia mama yake ainuke. Akainuka Janeth, akapanda jukwaani. Alikuwa na karatasi mbili za daftari, mwandiko wake mwenyewe, mkubwa na wa kujaza mistari.

"Wasifu wa marehemu Janeth," akasoma.

Nje lori likapita, vioo vikatetemeka, vikatulia.

"Marehemu alizaliwa Mlangali, wilaya ya Ludewa, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na maharage. Alisoma mpaka kidato cha pili. Alikuwa mcheshi, mpenda watu. Aliolewa na Bwana Stanley wa Makambako, na katika ndoa yao walijaliwa ngazi kumi na mbili."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

"Marehemu alifariki Ijumaa ya leo, baada ya sherehe, wageni walipokwisha kuondoka. Alishikwa shingo kwanza, kisha akalazwa chini ya ngazi. Aliyemshika ni mume wake. Marehemu ameacha baba, mama, wadogo zake wanne, na sweta moja la kuazima, ambalo lirudishwe kwa Eveline. Mwisho."

Akazikunja karatasi, akashuka hatua mbili, akaziweka mezani mbele ya Filbert.

Stanley akasimama, akicheka kwa nguvu. "Mgeni Rasmi, mke wangu ana utani wa Kipangwa, wa watu wa kwao Ludewa! Jamani, mnamwona? Huyu ni mzima!"

Mama Margareth alikuwa ameshafungua Mwongozo. Alikuwa mtu wa Mwongozo. "Mratibu," akauliza, "Kifungu cha Tatu kinasemaje kuhusu kuwa mzima?"

"Hakisemi kitu, mama," alisema Filbert.

"Wasifu umesomwa mbele ya watu?"

"Umesomwa."

"Familia imepinga?"

"Naipinga mimi!" alisema Stanley.

"Kifungu cha Nne," alisema Mama Margareth, bila kuinua macho, "kinasema hakuna mtu awezaye kuubadilisha isipokuwa aliyeuandika. Umekisaini wewe. Basi umebaki muhuri."

Stanley akainama sikioni kwa Filbert. Harufu ya manukato yake ilikuwa nzuri. "Shemeji. Uache mfukoni. Kazi hii nimekupa mimi."

Filbert akaupapasa muhuri. Akamtafuta mama yake kwa macho. Bibi Esnath hakuwa amekunja uso. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani, alipokuwa mdogo, anapanda kutoka mtoni na ndoo iliyojaa, na mama amesimama juu ya kilima, hasemi kitu, anangoja tu aone kama maji yatafika.

Filbert akatoa muhuri. Akaugonga. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na ule mlio ukasikika mpaka barabarani.

"Moja," alisema Mama Margareth, akaandika. "Sasa uhakiki. Nimechagua wasifu wa marehemu Priska. Hapa panasema alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwake. Ngazi zipo?"

Hapo Stanley akapata nguvu. Hili alikuwa amejiandaa nalo. "Zipo! Kumi na mbili, za zege, mama, twende ukazihesabu. Na kibali hiki hapa." Akakitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimewekwa ndani ya nailoni.

Mama Margareth akakisoma mbele na nyuma. "Kimetolewa mwezi uliopita."

"Halali kabisa."

"Kwa hiyo ngazi ni mpya."

"Zimemalizika leo asubuhi! Fundi yule pale."

Fundi Yoeli akasimama viti vya nyuma. "Kweli, mama. Nilianzia kwenye majani matupu. Hapakuwa na hata jiwe."

"Asante, fundi. Na Priska alifariki miaka mitatu iliyopita." Mama Margareth akabadilisha peni. "Alianguka kwenye ngazi zipi?"

Lori likapita. Vioo vikatetemeka. Mgeni Rasmi, ambaye alikuwa ameshika kisu cha keki tangu namba nne, akakiweka chini.

"Zangu," alisema Filbert.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mwandishi."

Akaomba karatasi ya dada yake. Bibi Esnath akaitoa kwenye kitabu cha nyimbo, ikapita mkono kwa mkono, wanawake wakiishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Filbert akayakata maneno yale ya ngazi. Juu yake akaandika, kwa ule mwandiko wake ambao mchungaji aliuombea nakala, kisha akasoma kwenye kipaza sauti: "Aliuawa kwa kukabwa shingo. Mume wake aliniambia niandike alianguka, nikaandika. Mama yetu alimwosha, akaona." Sauti ilimkatika mara moja, akairudia sentensi tangu mwanzo, kwa kuwa taarifa isiyosikika si taarifa. Akagonga muhuri.

"Mbili," alisema Mama Margareth.

Kwenye benchi akainuka yule mama muuza parachichi. Alikuwa amesafiri kutoka Njombe kwa kuwa aliambiwa maswali yatapokelewa. "Na yule wa kwetu? Aliyeanguka kwenye mti wa mpichi? Ule wasifu pia uliuandika wewe, mwalimu."

"Niliuandika mimi," alisema Filbert.

Katika arobaini na mmoja walioanguka, ishirini na sita walikuwa wameangushwa na Filbert. Mstari ukajipanga wenyewe mbele ya meza, bila mtu wa itifaki. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wengine wakilia, na hakuna karatasi iliyoharibika. Peni ya Filbert ikaisha wino. Eveline akaja na nyingine, na chupa ya chai.

Ratiba ni ratiba, na ikafika zamu ya Mgeni Rasmi. Hotuba yake ilikuwa imepitishwa na ofisi nne, hivyo haikuwezekana kubadilisha neno. Akaisoma kama ilivyo.

"Ndugu wananchi, namba hii mnayoisikia leo haikuja kwa bahati. Kuna mtu ameifanyia kazi kwa mikono yake mwenyewe. Bwana Mwenyekiti, hebu simama watu wakuone."

Stanley alikuwa ameshasimama. Alikuwa katikati ya wale askari wawili, ambao waliacha kulinda keki. Ukumbi ukampigia makofi mpaka alipofika kwenye gari. Kwa hesabu ya Mama Margareth yalikuwa makofi ya dakika tatu, akayaandika.

Wiki mbili baadaye ofisi ilipokea barua kutoka mahabusu. Stanley alikuwa anaomba, kwa heshima na taadhima, mke wake Janeth aruhusiwe kuja kufuta maneno yake, ili mambo yamalizwe nyumbani kifamilia kama ilivyo desturi. Wazee wawili wa ukoo wake waliileta barua kwa mkono, na walikuwa tayari kusubiri majibu.

Filbert akawakaribisha viti. Alikuwa bado Mratibu, kwa muda, mpaka naye aitwe kuulizwa zaidi habari za ngazi. Alikuwa ameshafungasha vitu vyake kwenye boksi, muhuri ndio uliobaki. Akaandika majibu polepole, akawasomea wazee kwa sauti:

"Rejea barua yako. Ombi limepokelewa na limekataliwa. Kwa mujibu wa Kifungu cha Nne cha Mwongozo uliousaini, wasifu hauwezi kubadilishwa isipokuwa na aliyeuandika. Aliyeuandika ni marehemu. Kamati haina utaratibu wa kumwita marehemu kikaoni, wala wa kumrudisha kwa mume. Pole kwa kufiwa."

Akagonga muhuri. Wazee wakatazamana, wakachukua kofia zao.

Jioni ile alifika Mdandu kabla jua halijazama. Mlangoni mama yake alikuwa anapakua. Sweta la Eveline lilikuwa limefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, tayari kurudishwa, na Bibi Esnath alikuwa ameanza kufuma jingine. Shingo ya Janeth ilikuwa wazi, na ile rangi ilikuwa imebaki kidogo tu, kama doa la matunda.

"Marehemu," alisema Bibi Esnath, akimnyooshea sahani, "viazi vinatosha?"

Marehemu akaviangalia, akasema vinatosha, ila havina chumvi.